Umenijibu Kabla Sijamaliza

Mama yangu hapendi kuandika kwenye simu. Kuandika anajua, na mwandiko wake wa kalamu umenyooka kuliko wangu, ila herufi za simu anasema zimebanana na kidole chake ni kinene. Siku alipogundua ile alama ya kipaza sauti pembeni mwa sehemu ya kuandikia, alihamia huko na hajarudi. Tangu siku hiyo mimi napokea voisi. Za dakika mbili, za dakika tatu, na siku akiwa na mambo mengi, hata sita.

Zote huanza namna moja. Kwanza unasikia mkwaruzo wa simu ikiokotwa mezani, kisha pumzi, kisha: "Haloo." Kimya. "Haloo, mwanangu, unanisikia?" Kimya tena, safari hii kirefu kidogo. Halafu anasema, "Marahaba," na habari zinaanza kumiminika. Nani amepona, nani anaoa, paka alipotea siku ngapi na alikutwa kwa nani, taa ya sebuleni imerudia ule mchezo wake wa kuwaka na kuzima. Mwishoni huaga mara tatu. Akishaaga mara ya tatu hukumbuka jambo kubwa kuliko yote aliyoyasema, hulisema mbiombio, na rekodi hukatika katikati ya neno.

Nimezisikiliza voisi hizo kwa miaka, na kwa muda mrefu nilizisikiliza vibaya.

Ujumbe wa sauti uliingia WhatsApp mwaka 2013, na kwa miaka minane ya mwanzo ulikuwa na mwendo mmoja tu, mwendo wa yule aliyeongea. Mwaka 2021 kikaja kitufe kidogo pembeni mwa rekodi. Ukikigusa mara moja, sauti inakwenda mara moja na nusu. Ukikigusa tena, inakwenda mara mbili. Nilikifurahia mno kitufe kile. Asubuhi zangu wakati huo zilikuwa za kukimbizana: kabla sijapiga mswaki nimeshakuta jumbe za kazini, za kundi la familia, za kundi la tuliosoma pamoja, na ya mama. Ya dakika nne nikawa naimaliza kwa mbili. Nilijiona nimepata dakika ambazo wengine hawana.

Kidole kikishazoea jambo hakiulizi tena. Kutoka kwenye voisi nikahamia kwenye podikasti, ambako kuna programu zinazokwenda mbali zaidi: zinakata ukimya wote uliomo ndani ya mazungumzo, ili mtu asimalize sekunde hata moja akisubiri mwenzake avute pumzi. Kutoka huko nikaenda kwenye video za mafunzo, halafu kwenye tamthilia. Netflix walikuwa na kitufe cha kuruka utangulizi tangu 2017, na mimi nikawa nakibonyeza hata kwenye tamthilia ambayo muziki wake wa mwanzo naupenda. Nikikumbuka sasa, hilo linanishangaza kuliko mengine yote. Kitu nakipenda, na bado nakiruka.

Na habari za dunia nikawa nazila hivyohivyo, kichwa cha habari na picha, kichwa cha habari na picha, huku kidole kikisogeza. Machi 2023 ilinipitia picha ya Papa Francis amevaa koti jeupe la baridi, limevimba, limemkaa vizuri ajabu, kama amechaguliwa na mtaalamu wa mavazi. Nikaituma kwenye kundi la familia muda uleule. Watu wakaweka vicheko na mioyo. Baada ya nusu saa ikaja voisi ya mama, fupi kuliko kawaida yake: "Nimeitazama hiyo picha. Mbona huyo Baba Mtakatifu vidole vyake vinashika hewa?"

Nikaikuza picha. Kweli. Vidole vya mkono wa kulia vimekunjwa kushika kitu kinachofanana na kikombe, ila havikishiki, vimefumba hewa tupu juu yake. Nikapandisha macho usoni, na ukingo wa miwani umeyeyukia kwenye kope. Picha ile, kama dunia nzima ilivyokuja kujua siku hizohizo, ilitengenezwa na mtu wa Chicago kwa Midjourney, programu ya akili mnemba inayotengeneza picha, na koti lile halikuwahi kushonwa. Mama hana habari na Midjourney. Alichofanya ni kuitazama picha moja kwa muda ambao mimi nilitazama picha thelathini. Niliomba radhi kwenye kundi, nikafuta, nikaendelea na mwendo wangu. Ningeweza kujifunza siku ile. Sikujifunza.

Kilichonisimamisha kilitokea jioni moja nikiwa kwenye basi, nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba la juu na mwingine na simu. Voisi ya mama imeingia, dakika tatu na sekunde arobaini. Nikaweka spika za masikioni, nikagusa kitufe mara mbili, nikasikiliza yote. Alikuwa na habari za majirani, habari za taa, na katikati akasema mwili umechoka kidogo leo, amekaa tu. Ilipoisha nikaandika, "Sawa mama, pole, pumzika," nikaweka na kile kidole gumba cha njano. Nikairudisha simu mfukoni na roho safi kabisa.

Kesho yake hakukuwa na voisi. Kesho kutwa hakukuwa na voisi. Nilituma "Shkm mama, mzima?" na baada ya saa nzima likaja jibu la maandishi, la mama asiyependa kuandika, maneno mawili: "Niko salama."

Nikampigia dada yangu mkubwa, ambaye anakaa naye.

"Dada, mama ana nini?"

"Mama mzima. Ila kwako amenyamaza."

"Nimefanya nini?"

Dada akavuta pumzi. "Wewe unajua mama akituma voisi huwa anafanya nini?"

Sikujua. Dada akanieleza. Mama akishatuma voisi huwa haiweki simu chini. Huibonyeza rekodi yake mwenyewe na kuisikiliza tangu mwanzo mpaka mwisho, simu ameiegemeza sikioni, ahakikishe imetoka vizuri na hakuna alichosahau. Hukaa kwenye kiti kilekile na hasemeshwi mpaka iishe. Basi jioni ile alikuwa anajisikiliza hivyo, hajafika hata mahali pa kuaga, jibu langu likaingia.

"Kaniambia hivi," dada akasema. "'Huyu mtoto amenijibu kabla sijamaliza.'"

Nilikaa kitandani nikapiga hesabu. Dakika tatu na sekunde arobaini ni sekunde 220. Kwa mwendo wa mara mbili ni sekunde 110, ukiongeza na za kuandika maneno manne. Kwa mama, ambaye hakujua kwamba kuna kitufe kama hicho duniani, maelezo yalikuwa mamoja tu: nimesikiliza mwanzo, nimechoka, nimeandika "sawa" ili yaishe. Na ile alama ya kipaza sauti iligeuka bluu kama kawaida, kwa sababu programu huhesabu kwamba umesikiliza, haisemi umesikiliza vipi.

Nilichotaka kumwambia dada ni kwamba nilisikia kila neno. Ilikuwa kweli. Ungeniamsha usiku ningekutajia habari zote zilizomo, kwa mpangilio. Ila nilipofungua mdomo kulisema hilo nikaona halinisaidii. Nikakata simu, nikaitafuta ile voisi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda ambao siwezi hata kuuhesabu nikaiacha ikimbie kwa mwendo wa mama.

Ilikuwa rekodi nyingine. Pale aliposema mwili umechoka, hakusema vile nilivyomsikia kwenye basi. Alisema, "Leo mwili..." akanyamaza. Ukimya ule una vitu ndani yake. Kuna saa ya ukutani, ile ya zamani yenye mlio mkavu, na niliihesabu ikigonga mara nne. Kuna kiti kikilia, mtu anabadilisha mkao. Kuna pumzi inayoingia na kukwama kidogo kabla ya kutoka. Kisha ndipo, kwa sauti ya chini, "...umechoka kidogo." Na kile "kidogo" kilikuwa cha kunifariji mimi. Kwa mwendo wa mara mbili sekunde zile nne zilikuwa mbili, kama mtu anayemeza mate. Nilisikia habari ya uchovu. Uchovu wenyewe sikuusikia.

Nikairudisha mwanzo. Mkwaruzo, pumzi. "Haloo." Kimya. "Haloo, mwanangu, unanisikia?" Kimya. "Marahaba."

Nikasimamisha. Nikairudia. Miaka yote nilidhani ile "marahaba" ni namna yake ya kufungua mazungumzo, neno tu la kushika kasi, kama wengine wanavyosema "basi" au "haya". Usiku ule, nikiwa peke yangu chumbani, niliusikiliza ule ukimya unaoitangulia na nikaona umekatwa kwa kipimo. Ni mrefu kiasi cha mtu kusema, bila haraka, "Shikamoo, mama."

Alikuwa ananiachia nafasi. Kila voisi, miaka yote, mama aliniachia nafasi ya kumwamkia, akanisikia kwa sikio lake la ndani nikimwamkia, na akanijibu. Na mimi upande wa pili nilikuwa naipita nafasi ile mbio, halafu baadaye namrushia "Shkm" ya maandishi.

Neno "shkm" lina historia yake, na si ya ubaya. Ujumbe mfupi wa kwanza wa simu ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, mhandisi kijana Neil Papworth alipoandika kwenye kompyuta salamu ya Krismasi njema na kuituma kwenye simu ya Richard Jarvis wa Vodafone. Ukomo wa ujumbe mmoja ulikuwa herufi 160. Mjerumani Friedhelm Hillebrand ndiye aliyelipigania hilo kwenye miaka ya 1980, baada ya kukaa na taipureta akiandika sentensi za kawaida na kuhesabu, akaona nyingi zinatosha humo. Zilimtosha yeye. Kiswahili chetu maneno yake ni marefu, tena mwanzoni kila ujumbe ulikuwa unalipiwa, kwa hiyo tukaanza kukata. Shikamoo ikawa shkm, marahaba ikawa mrhb, na sisi tuliokuwa vijana tukaona fahari. Ila jaribu kuitamka "shkm" kwa mdomo. Haitamkiki. Irabu ndizo zinazobeba sauti ya neno la Kiswahili, na sisi irabu ndizo tulizotupa. Kwenye WhatsApp ukomo wa herufi 160 haupo, leo naweza kumwandikia mama kurasa nzima bila kuongeza gharama yoyote, na bado kidole kilikuwa kinaandika shkm.

Nilijiuliza kwa nini sikio langu halikunionya mapema. Nadhani ni kwa sababu mitambo ya siku hizi ina adabu kupita kiasi. Mimi ni wa umri wa kuikumbuka kaseti, ile ambayo utepe wake ukilegea unachomeka kalamu kwenye tundu lenye meno na kuzungusha mpaka ukaze. Kaseti ukiiendesha mbio ilikuumbua palepale: sauti ya mtu mzima ikawa nyembamba kama ya katuni ya watoto, na kila aliyekuwa chumbani akajua kwamba kuna mtu ana haraka. Kanuni yake ni nyepesi, utepe ukienda kasi mawimbi ya sauti yanabanana, na mawimbi yakibanana sauti inapanda. Simu haifanyi hivyo. Simu inaikata sauti vipande vidogo mno, vya sehemu za sekunde, kisha inavisogeza vipandiane kama vigae vya paa, ili muda upungue lakini unene wa sauti ubaki palepale. Kwa hiyo mama wa mara mbili alibaki na sauti ya mama. Alionekana tu mchangamfu. Mama anayeongea kwa kasi ile ni mama mwenye afya tele, hana mashaka na kitu, na huyo ndiye niliyekuwa naishi naye masikioni kwa muda wote ule.

Baada ya hapo nilianza kusoma kila nilichokipata kuhusu ukimya katika mazungumzo, na kuna jambo moja limenikaa. Mwaka 2009 watafiti walitoa matokeo ya kupima mazungumzo katika lugha kumi za sehemu mbalimbali za dunia, wakitazama inachukua muda gani kati ya mtu kumaliza swali na mwenzake kuanza kujibu. Lugha zilitofautiana kidogo, Wadenmaki wakisubiri zaidi na Wajapani wakijibu upesi zaidi, lakini wastani wa jumla ulikuwa karibu sehemu moja ya tano ya sekunde. Muda huo ni kama wa kupepesa jicho tu. Maana yake ni kwamba sisi binadamu, wa lugha yoyote, tumeumbwa na saa ndani ya masikio, na saa hiyo inasoma mambo. Jibu likichelewa kidogo tu tunajua mtu anasita. Ndiyo maana simu ya zamani iliyopitia setilaiti ilichosha sana: mawimbi hupanda kama kilomita 36,000 na kushuka tena, yakila karibu robo sekunde, na kwa robo sekunde hiyo wawili wanaopendana wanakanyagana maneno na kila mmoja anahisi mwenzake kapoa. Sasa mimi saa hiyo nilikuwa nimeiharibu kwa mkono wangu, nikifupisha kila kusita kwa kila mtu niliyempenda.

Mtoto wa kaka yangu, ana miaka kumi na minne, alinifundisha upande mwingine wa jambo hilohilo bila kukusudia. Tulikuwa tumekaa naye, nikaweka wimbo wa miaka ya ujana wangu, ule niliokuwa naujua kila pumzi ya mwimbaji. Akatega sikio, uso ukakunjamana.

"Shangazi, huu umepunguzwa kasi."

"Haujapunguzwa. Ndivyo ulivyo."

"Hapana, naujua. Huu wenyewe uko hivi," akanifungulia TikTok. Ulikuwa wimbo wangu, umekimbizwa, mwimbaji amekuwa msichana mdogo, ngoma zinagonga kama mvua ya mawe kwenye bati. Ndio anaoujua yeye. Kwake huo ndio asili, na wangu ndio uliochezewa.

Sikukasirika, na sitaki nionekane mtu wa kulaumu watoto. Kucheza na kasi ya muziki si jambo la jana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijana wawili wa Norway waliharakisha nyimbo za dansi kwa ajili ya kazi ya shule, na kutoka hapo kukazaliwa mtindo mzima uitwao nightcore. Leo kampuni za muziki zenyewe hutoa wimbo mmoja kwa sura tatu, wa kawaida, wa mbio na wa taratibu. Na nilimwona mtoto yule akicheza. Wimbo wa mbio unamfaa mtu wa miaka kumi na minne, mwili wake una nguvu za kuufuata. Nilichomwomba ni kitu kimoja, tusikilize wangu mpaka mwisho, bila kugusa. Kabla ya kiitikio cha mwisho kuna mahali vyombo vyote vinanyamaza na mwimbaji anavuta pumzi. Mtoto akageuza kichwa akanitazama. "Hapa kwenye ule mwingine hakuna hivi," akasema. Kapo, nikamwambia, ila kanapita haraka. Akaomba turudie pale. Tukarudia mara tatu.

Nikiwa mkweli, nilishaonjeshwa haya yote mapema. Mwaka uleule wa 2021 ulioniletea kitufe, uliniletea pia jioni ya tarehe 4 Oktoba, ile siku Facebook, WhatsApp na Instagram zilipozimika dunia nzima kwa karibu saa sita. Kampuni ilieleza baadaye kwamba amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida iliutenganisha uti wa mgongo wa mtandao wao, na seva zinazoambia intaneti wapi pa kuwapata zikajiondoa barabarani zenyewe. Kwa lugha ya nyumbani, walikuwapo ila anwani yao ilifutika. Mimi nilikaa nikizima na kuwasha simu, nikidhani tatizo ni langu, mpaka ikaita. Kuita kwa kweli, simu ya kawaida, ile yenye mlio. Alikuwa mama.

"Nimekutumia voisi haiendi. Nikasema nikupigie tu."

Tukaongea dakika ishirini na kitu. Sikumbuki habari hata moja tuliyoongea, ila nakumbuka nilikaa chini. Nilikaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu imenyooka, kama nilivyokuwa nakaa zamani simu ilipokuwa na waya. Nilicheka mahali anapocheka yeye, kwa wakati mmoja naye. Kesho yake mtandao ulisharudi, kitufe kilikuwapo, nikarudi kwenye mara mbili bila kuwaza.

Kwa hiyo safari hii, baada ya ule usiku wa kusikiliza, sikutaka kuishia kwenye kuhuzunika. Jumamosi iliyofuata nilikwenda. Nilimwamkia mlangoni, kwa mdomo, kwa irabu zake zote. Kisha nikakaa naye nikamwambia ukweli: kuna kitufe, kinafanya hivi na hivi, na nimekuwa nakusikiliza wewe kwa mwendo huo. Alinisikiliza kimya. Halafu akanyoosha mkono.

"Hebu nionyeshe."

Nikafungua kwenye simu yake voisi niliyomtumia siku ya sikukuu, nikagusa mara mbili. Sauti yangu ikatoka mbio, maneno yakiparamiana. Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Unaongea kama umekimbizwa na nyuki!" Akaicheza tena. Akacheka tena, kidogo. Ya tatu hakucheka. Akainamisha kichwa kuelekea kwenye spika kama mtu anayetafuta kitu ndani ya kisima.

"Irudishe kawaida," akasema.

Nikairudisha. Akasikiliza yote, dakika moja na sekunde kumi na mbili, mimi nimekaa pembeni nikijisikia mwenyewe nikisita, nikirudia maneno, nikitafuta la kumalizia.

"Kwa hiyo yale yangu ulikuwa unayasikia yote?"

"Yote, mama. Ila nilikuwa sikusikii wewe."

Akaitazama simu, akanitazama mimi. "Haya," akasema, kisha akainuka kwenda kuiangalia ile taa, kwa sababu ilikuwa imeanza tena.

Kitufe sijakiacha, na sioni sababu ya kukiacha. Mtu akinieleza kwa dakika kumi jinsi ya kufungua kifuniko cha mashine, namkimbiza. Rekodi ya kikao cha kazini naikimbiza, na aliyeongoza kikao nadhani atanielewa. Lakini kuna majina sita kwenye simu yangu ambayo sauti zao hazikimbizwi kamwe, hata nikiwa nimechelewa. Kama sina muda, naziacha zikae bila kuguswa, kipaza sauti kikiwa bado na rangi ya kijani, mpaka nipate mahali pa kukaa. Mwanzoni nilihisi nadaiwa. Sasa zile za kijani nazitazama kama mtu anavyotazama bahasha yenye mwandiko anaoufahamu. Na muziki wa mwanzo wa tamthilia nauacha upige mpaka mwisho.

Leo asubuhi ilikuwapo moja, dakika nne na sekunde tano. Nilifunga mlango, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikabonyeza. Mkwaruzo wa simu ikiokotwa. Pumzi, ambayo siku hizi naitegea sikio, na leo ilikuwa nyepesi.

"Haloo."

"Haloo, mwanangu, unanisikia?"

"Nakusikia. Shikamoo, mama."

"Marahaba."